Kiswahili kina wenyewe? Na Kiarabu je?

Wasee, hii sentensi ya "Kiswahili kina wenyewe" imenichosha. Hapa Mwiki mtu akisema "kura" akimaanisha "kula", mat nzima inaangua kicheko: ameshrub! Kesho yake yuko TikTok. Keshokutwa ameamua kunyamaza kabisa.

Mimi nasema kicheko hicho ni ujinga, na ushahidi wangu unatoka Basra, Iraq, karne ya 8.

Huko kulikuwa na mwalimu aitwaye al-Khalil ibn Ahmad, ambaye asili yake inatajwa kuwa Oman. Kamusi inayohusishwa naye haikuanza na alif. Ilipanga herufi kwa kufuata mahali sauti inapotokea: za kooni kwanza, halafu za ulimi, mpaka midomoni. Ayn ikatangulia kwa sababu inatoka ndani kooni, na kamusi ikaitwa Kitab al-Ayn. Hiyo ni sayansi ya sauti, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita.

Sasa skia hii. Mwanafunzi wake mashuhuri, Sibawayh, hakuwa Mwarabu. Alikuwa Mwajemi. Inasimuliwa kwamba alikosolewa na mwalimu kwa kukosea mwisho wa neno moja tu, akaapa kusoma mpaka asipatikane tena na kosa. Kitabu chake hakikuwa hata na jina. Watu walikiita tu al-Kitab. Humo alitaja sehemu 16 zinakotokea sauti, na akaeleza vile maneno ya kigeni hubadilika yakiingia Kiarabu. Ndiyo sarufi kongwe zaidi ya Kiarabu iliyotufikia. Na aliyeiandika ni mtu wa kuja!

Sishangai. Aliyezaliwa na lugha hasikii ulimi wake mwenyewe. Anayejifunza ndiye husikiliza.

Hebu sikiliza Mkikuyu akitamka "Thika". Hiyo th yake ni dh ya "dhahabu", ile Waarabu huiita dhal. Wengi wanaomcheka husema "zahabu". Hapo nani ameshrub?

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa. Ya taifa, si ya mtaa mmoja. Na hilo neno katiba ni ndugu ya kitabu, katibu na maktaba: yote yana mzizi wa k-t-b. Kamusi ya al-Khalil ilipanga maneno kwa mizizi ya namna hiyo. Lugha yetu yenyewe imejaa wageni waliokaribishwa, halafu wewe unafunga mlango?

Mtu ataniuliza, basi kila mtu aongee anavyotaka? Zii. Sibawayh hakuomba Kiarabu kimhurumie, alikaa chini akasoma. Kwa hivyo "mimi ni wa bara" si kisingizio.

Sahihishaneni, hiyo ni poa. Lakini mkimcheka mtu hadi anyamaze, mna uhakika gani kwamba hamjamnyamazisha yule ambaye angetuandikia Kitabu chetu?