Kwenye ludo, mtoto anamfunga baba bila kupendelewa

Mwezi wa Julai baridi ya Mbeya haina utani. Saa moja usiku mitaa ya Soweto imeshapungua watu, wauza ndizi na viazi wa sokoni wamefunika mizigo yao kwa maturubai, na kila mwenye kwake anakimbilia kwake. Katika nyumba moja mtaani humo watu watano wamekaa jikoni, mlango ukiwa wazi kiasi kwa sababu jiko la mkaa linawaka. Hewa ya mkaa huua watu waliojifungia ndani, na hilo lisisahaulike hata baridi ikizidi. Katikati yao kuna boksi lililochanwa, likanyooshwa na kuchorwa kwa rula na kalamu za rangi. Hiyo ndiyo ludo yao.

Aliyeichora ni kijana wa nyumba, miaka 14, kidato cha kwanza. Baba anachezea vizibo vya soda, bibi maharage, kijana punje za mahindi, na mdogo wake, binti wa miaka 6, ana vifungo vinne vya shati la zamani. Mama hachezi. Anamenya viazi, na ndiye refa. Kitu pekee kilichonunuliwa dukani ni dadu.

Kabla ya ludo, nyumba hiyo ilikuwa ya drafti. Baba ni fundi pikipiki na kijiweni kwake anajulikana, kumfunga si kazi ndogo. Alipoanza kumfundisha binti yake alifanya wanachofanya wazazi wengi, akawa anamwachia. Michezo mitatu binti alishangilia. Wa nne akanyamaza, akaikazia macho bodi.

"Baba, hiyo kete ungeweza kuila. Umeniachia."

"Hapana mama, sikuiona."

Binti hakuamini, na alikuwa na haki ya kutoamini. Alilia, kisha kwa wiki kadhaa hakutaka hata kuisogelea drafti.

Wakubwa hudhani mtoto wa miaka sita haoni. Anaona. Mtoto aliyepewa ushindi anajua kwamba hakushinda, na anajua zaidi kwamba baba yake amedanganya kwa kumwonea huruma. Lakini baba naye afanye nini? Katika drafti au bao, ujuzi ndio unaoamua. Ukicheza kwa nguvu zako zote na mtoto mdogo, atafungwa Jumatatu hadi Jumapili mpaka achukie. Ukijilegeza, unadanganya. Hakuna njia ya katikati iliyo nyoofu.

Dadu ndiyo inayomtoa mzazi kwenye mtego huo. Ina pande sita, na kila upande una nafasi moja kati ya sita, awe anayetupa ni fundi wa miaka 40 au mtoto wa darasa la kwanza. Haijui nani mkubwa. Binti wa Soweto alipomfunga baba yake kwenye ludo kwa mara ya kwanza, alimtazama usoni muda mrefu akitafuta ule uongo wa siku zile. Hakuuona, kwa sababu baba alikuwa amekasirika kwelikweli. Kete zake tatu zilikuwa bado hazijatoka.

Mchezo wenyewe ni mkongwe. Ulianzia India, ukiitwa pachisi, jina linalotokana na ishirini na tano, alama ya juu kabisa ya mtupo mmoja. Huko Fatehpur Sikri bado ipo bodi kubwa iliyochorwa uani kwenye kasri la mfalme Akbar wa karne ya 16. Wahindi hawakutumia dadu, walitupa makombe madogo ya baharini na kuhesabu mangapi yameangukia mgongo. Makombe hayo kwa Kiswahili ni kete, neno lilelile tunaloliita kizibo kwenye ludo. Mwishoni mwa karne ya 19 Waingereza waliurahisisha mchezo, wakaweka dadu na kuupa jina la Kilatini lenye maana ya "nacheza". Nalo neno dadu tumelipata kwa Wareno. Kwa hiyo kwenye boksi lile la Soweto wamekaa watu wa mbali sana, ingawa bibi, mzaliwa wa Tukuyu, ukimweleza hayo atakuuliza kama zamu yako imefika au la.

Bibi huyo ndiye raha ya mchezo. Mjukuu akila harage lake, humshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mume wangu," kwa sauti inayomfanya kijana ajute. Kisha hulipiza. Hana haraka, hutoa kete moja na kukaa nayo karibu na njia ya wenzake kama mtu anayesubiri daladala.

Ladha ya ludo iko hapo, katika kuchanganya bahati na uamuzi. Dadu inakupa tano, lakini tano hiyo uipe kete gani? Ile iliyo hatarini ikimbie, au ile iliyo nyuma ya adui imle? Bodi ina nyumba 52 za kuzunguka, na mtu anaweza kutembea karibu zote halafu akaliwa mlangoni, akarudi kusubiri sita. Mtoto anayejifunza kurudisha kifungo chake mwanzo bila kupindua bodi amejifunza jambo ambalo watu wazima wengi wa mjini bado linawashinda.

Kuna na hesabu. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Geetha Ramani na Robert Siegler, waliwachezesha watoto wa chekechea wa familia za kipato cha chini mchezo wa bodi yenye nyumba zilizoandikwa namba 1 hadi 10. Kwa vipindi vinne vya muda mfupi, uelewa wao wa namba ulipanda. Wenzao waliochezea bodi ya rangi tupu hawakupata faida hiyo. Ludo ya dukani ni ya rangi tupu. Ya boksi unaweza kuiandika 1 hadi 52, na mtoto akitaja namba kila anaposogea, hapo umeongeza kitu. Mwonyeshe pia kwamba pande za dadu zinazotazamana hujumlisha saba, moja na sita, mbili na tano, tatu na nne. Atageuza dadu zote za mtaa kuhakikisha.

Ludo ya simu, kama Ludo King iliyotoka India mwaka 2016, inakuhesabia na kukusogezea kete. Inafaa kwenye basi la kwenda Iringa. Jikoni haifai sana, kwa sababu haina mtu wa kumkatalia kwamba hiyo ilikuwa nne, si tano.

Ugomvi wa namna hiyo lazima utakuja, na dawa yake ni kukubaliana sheria kabla ya mtupo wa kwanza. Sita inatoa kete peke yake au hata moja inatoa? Sita tatu mfululizo zinahesabiwa au zamu inaungua? Dadu ikianguka chini ya stuli, irudiwe? Kila nyumba ina katiba yake, na Soweto dadu inatikiswa ndani ya kikombe cha plastiki tangu siku kijana alipogundulika anaidondosha badala ya kuitupa. Na penye mtoto wa chini ya miaka mitatu, dadu na vifungo vihesabiwe vikirudi mfukoni, maana vitu hivyo huishia kooni.

Sasa kuna usiku mmoja ambao familia ile haijausahau.

Baba alikuwa ametupa mara kumi bila kupata sita. Kila mtu alikuwa njiani isipokuwa yeye. Akaichukua dadu, akaitikisa sana.

"Safari hii lazima itoke. Imekaa mno."

"Baba, dadu haijui kama imekaa," kijana akasema.

Alikuwa sahihi. Kukosa sita mara kumi si ajabu. Wakitupa watu 100, kila mmoja mara kumi, kama 16 kati yao hawataiona sita hata moja. Na mtupo wa 11 una nafasi ileile ya mtupo wa kwanza, moja kati ya sita. Dadu haidaiwi na mtu.

Baba akacheka. Kijana, akiona mambo yamechangamka, akaongeza, "Basi tuweke mia mia, mchezo unoge."

Kisu cha mama kikasimama kwenye kiazi.

"Nyumba hii hatuchezei hela," baba akasema.

"Mbona wewe kila Jumamosi unabeti?"

Jiko zima likawa kimya. Bibi ndiye aliyekuwa na dadu mkononi. Hakuitupa.

"Mume wangu," alimwambia mjukuu, "mtu mzima haambiwi hivyo. Omba radhi." Kijana akaomba radhi. Bibi akamgeukia mwanawe. "Haya, na wewe mjibu."

Wazazi wengi wangejificha nyuma ya radhi ile. Baba alikaa kidogo, halafu akasema ni kweli, Jumamosi iliyopita aliweka elfu tano.

"Uliniambia ni ya spea," mama akasema. Hakupandisha sauti. Tangu Januari alikuwa akipunguza mafuta na sukari ili viatu vya shule vinunuliwe, na spea za mwezi huo zilikuwa zimeshamshangaza.

Baba alijitetea kwa maneno ambayo kila kijiwe kinayajua. Mkeka ulikuwa na mechi kumi, zote timu za uhakika, umechanika kwa mechi moja tu. Moja tu! Mwezi uliopita hivyohivyo, moja.

Kijana alichukua kalamu aliyochorea bodi. Hakuwa anamsuta tena baba yake, alikuwa amepata hesabu. Tuseme kila timu ina nafasi ya kushinda 70 kwa 100, akasema, hiyo ni timu nzuri sana. Mbili kushinda pamoja ni 49 kwa 100. Tatu, 34. Akaendelea kuzidisha pembeni ya boksi, jirani na nyumba ya maharage, mpaka mechi ya kumi. Ilibaki chini ya tatu kwa 100.

"Kwa hiyo ile moja iliyonichania..."

"Si moja, baba. Ilikuwa imechanika toka mwanzo."

Baba hakuahidi kitu usiku ule, na pengine ni afadhali, kwa sababu ahadi za namna hiyo hutolewa kirahisi na kuvunjwa kirahisi. Jumamosi iliyofuata alimpa mama elfu tano aitunze. Ile iliyofuata hakumpa, na mama hakuuliza mbele ya watoto. Hesabu bado iko pembeni ya bodi. Kila wanapocheza, kila mtu anaiona.

Wapo watakaosema kosa ni la dadu, kwamba mtoto akizoea kuitikisa amefundishwa kamari. Hofu hiyo ina msingi. Sheria ya michezo ya kubahatisha inawakataza walio chini ya miaka 18, lakini vijana wa umri wa huyu wa Soweto wanapita mbele ya mashine na vibanda vya kubeti wakitoka shule, na simu ya baba iko mezani. Hata hivyo kijana ambaye ametupa dadu mara elfu bila senti moja juu yake ameshaiona tabia yake. Anajua sita haiji kwa sababu unaihitaji. Mwenzake ataijulia kwenye mkeka, kwa hela ya ada. Masharti ni mawili tu, na yote yanamhusu mzazi: hela isiguse bodi hata shilingi, wala "atakayefungwa atoe soda", na mzazi awe tayari kuulizwa swali lile, maana litaulizwa.

Kuna kitu dadu haiwezi kumwondolea baba. Ukiwa na kete mbili njiani, unachagua ya kusogeza, na hapo upendeleo unaweza kurudi kimyakimya. Binti analijua hilo. Mwishoni mwa mwezi kifungo chake cha mwisho kilikuwa kimezunguka karibu bodi nzima. Nyuma yake, nyumba tatu, kulikuwa na kizibo cha baba. Kizibo kingine cha baba kilikuwa mbali, salama, na kingeweza kusogea bila kumdhuru mtu. Dadu ikatoka kikombeni, ikagonga ukuta wa jiko, ikasimama kwenye tatu.

Binti hakuitazama dadu. Alimtazama baba.

Baba akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, akaweka kizibo juu ya kifungo. Mama akaacha kumenya. Binti akakaza midomo, akakirudisha kifungo mwanzo mwenyewe, kisha akanyoosha mkono.

"Nipe dadu, ni zamu yangu."