Besi ya nyuzi nne isiuzwe

Najua nimepotea hapa kwa wiki mbili hivi. Chumba cha habari kilinibana, ukimaliza habari ya halmashauri unakabidhiwa ya mahakama. Leo naomba tuweke siasa pembeni, niongelee jambo linaloninyima usingizi tangu Jumapili: gitaa la besi. Wanaonifahamu wanajua kwamba nikishatoka kazini, mimi ni mpiga besi wa kwaya.

Iko hivi. Kamati yetu imechangisha hela za kununua besi mpya ya nyuzi tano. Mpaka hapo sina neno. Tatizo ni pendekezo la pili, kwamba ile ya zamani ya nyuzi nne iuzwe ili kujazia bei. Nilipopinga, kijana mmoja akaniuliza, "Kaka, siku hizi nani bado anapiga nyuzi nne?" Kikao kizima kikacheka. Nilikosa jibu la haraka, kwa hiyo nalitoa leo.

Nianze kwa kuwapa haki yao wapenzi wa nyuzi tano. Besi ya kawaida ina E, A, D na G. Ukifika E ya chini, umefika mwisho wa reli. Mpiga kinanda akihamishia wimbo kwenye kii ya D au E flati ili kuwasaidia waimbaji, mwenye nyuzi nne inabidi arukie juu kutafuta noti ile ile, na wimbo unakosa uzito. Uzi wa tano, yaani B, unamaliza shida hiyo. Richard Bona wa Kameruni anapiga nyuzi tano na sijasikia mtu akisema ni mapambo. Mimi mwenyewe, kwa upigaji wa kawaida wa vidole, nachagua tano.

Lakini tusidanganyane. Vijana wetu hawaitaki kwa ajili ya kii ya D. Wanaitaka wapigie slapu.

Kwa wasiojua, slapu ni ule mtindo ambao gumba linagonga uzi mnene na kuruka hapo hapo, halafu kidole cha shahada kinauvuta uzi mwembamba mpaka unachapa shingo ya gitaa. Anayetajwa kuwa baba wa mtindo huu ni Larry Graham, aliyekulia Oakland, Marekani. Alikuwa akipiga muziki na mama yake, na walipobaki bila mpiga dramu akaanza kugonga nyuzi kwa gumba kuziba pengo la ile ngoma kubwa ya kukanyaga, na kuzivuta kuziba pengo la snea. Mwaka 1969, akiwa na Sly and the Family Stone, dunia ikausikia mtindo huo kwenye wimbo "Thank You". Yaani kitu tunachokionea fahari leo kilizaliwa na upungufu! Jamaa alikosa dramu, akazitafuta ndani ya nyuzi nne. Waliomfuata, akina Louis Johnson, Marcus Miller na Victor Wooten, nao walijijengea majina kwa besi za nyuzi nne.

Kwa nini nne? Kwenye nyuzi nne, E iko ukingoni, gumba linashuka kutoka hewani bila kizuizi. Kwenye nyuzi tano, juu ya E kuna B, na gumba lazima lilenge. Tena nafasi kati ya uzi na uzi, ambayo kwenye nyuzi nne huwa karibu milimita 19 pale daraja la gitaa lilipo, kwenye besi nyingi za nyuzi tano hushuka hadi 17 hivi. Milimita mbili si kitu kwa seremala, lakini kwa kidole kinachotakiwa kuingia chini ya uzi na kutoka haraka, ni umbali mkubwa.

Halafu kuna kelele. Ukigonga E, mtikisiko unaamsha B, nayo inaanza kunguruma peke yake. Slapu nzuri inategemea ukimya kati ya noti, na hapa umeongezewa uzi mmoja wa kuunyamazisha kwa kiganja. Na ukiamua kuigonga hiyo B yenyewe? E ya chini ina mitetemo 41 hivi kwa sekunde, B ina 31. Spika nyingi za kumbi zetu zinaishiwa pumzi kabla ya kufika huko. Msikilizaji anapata vumbi tu.

Nayasema haya kwa sababu yamenikuta. Miaka mitatu iliyopita niliuza besi yangu ya nyuzi nne nikanunua ya tano. Kwenye harusi moja nikaachia slapu kati ya ubeti na ubeti, najiona nimefika. Baadaye mzee mmoja wa upande wa bibi harusi akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, ile jenereta mlikuwa mmeiweka humu ndani?" Ilikuwa B yangu. Nilijifunza upya kwa miezi sita. Kilichoniokoa ni kwamba slapu nilishaijua kwenye nyuzi nne, kwa hiyo nilitambua kosa liko wapi. Anayeanzia kwenye tano atajuaje?

Sisemi slapu haipigiki kwenye tano. Hata besi za Sire zenye jina la Marcus Miller zinauzwa za nyuzi nne na za nyuzi tano. Nasema mwanafunzi aanzie nne.

Na mwanafunzi tunaye. Kuna binti wa miaka kumi na minne anayefika kila Jumamosi kabla ya mlango kufunguliwa, anajifunzia besi ile ile kuukuu. Ikiuzwa, atasimama nyuma ya vijana watatu wakubwa wanaoisubiri mpya kwa hamu, na zamu yake sidhani kama itafika. Afadhali tungoje miezi miwili, tuchange tena, tubaki na zote mbili.

Jumamosi nitasimama kikaoni niseme hivyo hivyo, wacheke tena wakitaka. Wapiga besi mnasemaje? Naomba kuwasilisha.