Uigizaji Katika Somo la Mijusi: Tutazame Kwanza, Tuigize Baadaye

Miongoni mwa mbinu za kufundishia zinazosifiwa sana vyuoni mwetu ni uigizaji, ambao katika vitabu vya mbinu huitwa igizo dhima. Mwanachuo anayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha hufahamu kwamba andalio lake la somo litapokelewa vizuri iwapo litaonyesha watoto wakitenda badala ya kukaa na kusikiliza tu. Hatuna ugomvi na rai hiyo. Twaona, hata hivyo, kwamba katika somo la sayansi uigizaji waweza kutumiwa kwa namna inayoficha ujinga badala ya kuuondoa. Ili kueleza maoni yetu tumechagua mfano mdogo, yaani somo la tabia za mijusi, kama linavyoweza kufundishwa katika shule za msingi za Handeni na Korogwe.

Huenda mwalimu akauliza: kwa nini mijusi, na si ng'ombe au samaki? Jibu ni jepesi. Mjusi hana gharama. Hahitaji kununuliwa, kufugwa wala kuletwa kwa gari. Yumo darasani kabla ya mwalimu kuingia, na hubaki baada ya kengele ya mwisho. Kwenye mawe makavu na vichaka vya miiba vya Handeni, mtoto humwona mjusi mwenye kichwa cha rangi kali akiota jua asubuhi. Kando ya Mto Pangani huko Korogwe, mtoto humjua kenge anayeogelea na kunyemelea mayai. Ukutani mwa kila nyumba yumo mjusi kafiri, na juu ya ua yumo kinyonga. Shule isiyo na maabara, wala darubini, wala picha za ukutani, haikosi mnyama huyu.

Ipo sababu ya pili, nayo ni nzito zaidi. Mijusi ni wanyama wanaouawa bure. Kinyonga hupigwa mawe kwa sababu watu wengi huamini kwamba ana sumu au huleta nuksi, ingawa hana sumu hata kidogo. Katika makabila mengi ya Kibantu imesimuliwa hadithi ya kinyonga aliyechelewa kufikisha ujumbe wa uhai, hata mauti yakawatangulia wanadamu, na chuki hiyo ya kale ingali hai. Wakati huohuo, misitu ya milima ya Usambara, inayoonekana kutoka Korogwe, ina vinyonga ambao wageni huvuka bahari kuja kuwatazama, akiwemo yule ambaye dume wake ana pembe tatu. Biashara ya kuwasafirisha wanyama hai wa aina hiyo ilikua hata Serikali ikaisimamisha mwaka 2016. Mtoto anayemponda kinyonga kwa jiwe hajui kwamba ameharibu kitu cha thamani kilichokuwa mlangoni pake.

Hadithi na sayansi

Tatizo letu linaanzia hapa. Mwalimu anapowaambia watoto waigize mjusi, bila maandalizi yoyote, watoto huigiza hadithi. Mmoja atakuwa Bwana Mjusi, mwingine Bibi Kinyonga, watasalimiana, watagombana kuhusu chakula, na mwishoni Bwana Mjusi atapata fundisho la kuacha uchoyo. Darasa litacheka, na mkaguzi atakayeingia dakika hiyo ataandika kwamba wanafunzi walishiriki kikamilifu. Lakini tukiwauliza watoto hao mjusi hula nini, huota jua kwa nini, na hufanya nini anapoingiliwa katika makao yake, tutakuta hawana walichokiongeza tangu asubuhi.

Hatusemi hivyo kwa kuzidharau hadithi. Katika hadithi za mababu zetu, sungura, fisi na kobe wamevishwa tabia za binadamu ili binadamu ajitazame. Hiyo ni kazi njema, na mahali pake ni katika somo la Kiswahili. Katika somo la sayansi kazi hugeuka: hapa binadamu ndiye anayepaswa kuvaa tabia ya mnyama, aache maneno yake, tamaa zake na mwendo wake, ajaribu kuishi kama mjusi aishivyo. Mwalimu asiyetofautisha mambo haya mawili atafundisha hadithi mbovu na sayansi mbovu kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo kanuni tunayoipendekeza ni moja: asiigize mtoto jambo ambalo hajaliona. Igizo liwe ushahidi wa kile kilichotazamwa. Lisichukue nafasi ya kutazama.

Namna ya kutenda

Tuchukue mfano wa darasa la nne, na mjusi wa mawe au wa mitini mwenye kichwa chenye rangi nyekundu au ya buluu. Kwa muda wa siku tatu watoto, wakiwa katika vikundi, watoke nje asubuhi na tena adhuhuri, kila mara kwa dakika kumi tu. Kila kikundi kiwe na ukurasa mmoja wa daftari wenye maswali manne: Yuko wapi? Anafanya nini? Yuko pamoja na nani? Alibadilika nini tulipokaribia? Mwalimu asitoe majibu. Watoto wataona wenyewe kwamba asubuhi mjusi amejilaza bapa juu ya jiwe lenye jua, na adhuhuri yuko kivulini. Wataona dume mwenye rangi akiinua na kushusha kifua chake kama mtu afanyaye mazoezi ya viungo. Wenye bahati watamwona dume mwingine akifukuzwa.

Siku ya nne ndiyo siku ya kuigiza. Mwalimu huchora kwa chokaa duara uwanjani kuwa mwamba. Mtoto mmoja ni jua, naye husogea polepole akishika kitambaa cha manjano. Mmoja ni dume mwenye makao, watatu au wanne ni majike, mmoja ni dume mgeni, na mwingine ni mwewe. Sheria ya mchezo ni hii: mjusi aliyekaa juani kwa hesabu ya kumi anaruhusiwa kukimbia hatua kumi, na aliyekaa kwa hesabu ya mbili anaruhusiwa hatua mbili tu. Mwewe akija mapema, mijusi hukamatwa. Akija baadaye, huponyoka. Anayekaa juani kupita hesabu ya ishirini bila kwenda kivulini naye hutolewa mchezoni.

Kwa sheria hiyo moja mtoto huelewa kwa miguu yake jambo ambalo huenda asingelielewa kwa kulikariri, kwamba mjusi hupata joto la mwili wake kutoka nje. Tumezoea kuandika ubaoni kwamba reptilia wana damu baridi, na mtoto hudhani damu ya mjusi ni kama maji ya mtungini. Ukweli ni kwamba mjusi aliyeota jua vizuri huweza kuwa na joto linalokaribia la mwili wa mwanadamu. Tofauti ni kwamba sisi joto tunalitengeneza kwa chakula, na yeye hulitafuta kwa kuhamahama kati ya jua na kivuli. Kwa sababu hiyo chakula kidogo humtosha, na asubuhi yenye baridi humkuta mnyonge.

Dume mgeni naye ana fundisho lake. Waigizaji wasipigane. Dume mwenye makao atikise kichwa na kuinua kifua. Mgeni ajibu au aondoke. Ndivyo wanyama hawa wafanyavyo mara nyingi: huonyeshana nguvu kwanza ili wasiumizane, na dume aliyeshindwa hufifia rangi yake.

Waamuzi

Mwalimu mwenye watoto themanini au mia moja atasema kwamba waigizaji ni kumi tu, na waliobaki watafanya fujo. Hoja hii ni ya haki, kwa kuwa madarasa yetu yamejaa zaidi ya mara moja katika historia, kwa mfano baada ya mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote wa mwaka 1977, na tena baada ya kufutwa kwa ada na michango mwaka 2016. Lakini katika mbinu hii wale wasioigiza ndio wenye kazi kubwa zaidi. Wao ni waamuzi. Kila kikundi kina daftari lake la siku tatu, nacho kina haki ya kusimamisha igizo na kusema: hatukuona hivyo.

Hapa ndipo elimu huzaliwa. Mtoto anayeigiza kinyonga akiangusha mkia wake ili amponyoke paka ataulizwa na wenzake: mliona wapi? Mjadala utaonyesha kwamba mjusi kafiri ndiye aachaye mkia, ukabaki ukirukaruka chini na kumshughulisha adui, na kwamba baadaye huotesha mwingine, mara nyingi mfupi na wenye sura tofauti. Kinyonga hawezi, mkia wake ni mkono wake wa tano, wa kushikilia tawi. Mtoto mwingine atasema kinyonga hugeuka rangi ya chochote akanyagacho. Mwalimu asimkatishe, bali aweke swali hilo mbele ya darasa, likatazamwe. Wataalamu wameonyesha kwamba kinyonga hubadili rangi hasa kwa ajili ya joto, hofu, hasira na kuwasiliana na wenzake, na mwaka 2015 ilielezwa kwamba katika ngozi yake zimo fuwele ndogo sana ambazo nafasi kati yake hubadilika, na rangi ya nuru inayorudishwa ikabadilika nazo.

Mjusi kafiri hutazamwa nyumbani, usiku, karibu na taa. Watoto waende na maswali: Hukaa wapi wadudu wanapokuja? Huusafishaje uso wa jicho, naye hana kope za kufumba? Wakirudi, igizo lao liwe na taa, kumbikumbi na subira. Tunajua kwamba wapo wazazi wenye mafundisho ya dini kuhusu mjusi huyu. Si kazi ya mwalimu wa sayansi kubishana nao. Kazi yake ni kuwafanya watoto waone kwamba anayetembea ukutani usiku anakula mbu na nondo. Uamuzi mwingine ni wa nyumbani.

Mambo ya kuangalia

Kwanza, usalama. Watoto watazame, wasikamate. Wasiingize mikono katika mashimo na vichuguu, kwa kuwa nyoka hukaa humo pia. Kenge hung'ata na hupiga kwa mkia. Atazamwe kwa mbali. Aliyegusa mjusi kwa bahati anawe mikono kwa sabuni, maana reptilia huweza kubeba vijidudu vya kuharisha.

Pili, heshima. Lugha yetu imewageuza baadhi ya wanyama hawa kuwa matusi. Kumwita mtu kenge ni kumtukana, na tunaposema kwamba katika msafara wa mamba na kenge wamo, hatumsifu kenge. Mwalimu akimpa nafasi ya kenge mtoto maskini, au mwenye nguo chafu, au asiyependwa na wenzake, jina hilo litamfuata mpaka darasa la saba. Nafasi zipatikane kwa kura, na mwalimu mwenyewe awe kenge wa kwanza. Mtoto asiyeweza kukimbia awe jua au mhesabu, kwani bila wao mchezo hauendi.

Tatu, mahali. Igizo lililotungwa Korogwe lisinakiliwe Handeni. Mtoto wa ukingo wa mto ana mambo ambayo mtoto wa nchi kavu hana, na kinyume chake. Lingekuwa jambo jema shule mbili za wilaya hizo ziandikiane barua kulinganisha madaftari yao.

Wapo watakaosema kwamba siku nne kwa mjusi mmoja ni anasa, na mtihani hauulizi mengi kiasi hicho. Twajibu kwamba muda wenyewe haufiki saa mbili kwa jumla, na mtoto aliyetazama, akaandika, akaigiza na kukosoa amejifunza namna ya kujua, ambayo itamfaa katika mada zote zinazofuata. Mwaka 1967, katika andiko la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alilaumu mfumo uliomfanya mwanafunzi aamini kwamba maarifa yote ya thamani hutoka vitabuni au kwa watu waliosoma. Mtoto mchungaji wa Handeni anajua habari za kenge ambazo mwalimu wake hazijui. Mbinu tunayoieleza humpa nafasi ya kuzisema, na huwapa wenzake nafasi ya kuzipima.

Kwa hiyo tunatoa pendekezo kwa vyuo vya ualimu, hasa vile vya Korogwe na Handeni ambavyo wanachuo wake hufanya mazoezi miongoni mwa mijusi hawa. Mwanachuo atakayeandika uigizaji katika andalio la somo la sayansi aambatishe kumbukumbu za watoto za kile walichokiona kabla ya igizo. Na mkufunzi anayemtathmini, kabla ya kuuliza kama watoto walifurahi, aombe kwanza daftari hilo na kulisoma.