Wakulima Kilombero wapige hesabu ya kisu cha mfukoni

Mkulima anayeshuka Kibaoni, Ifakara, kufanya manunuzi ya msimu huwa na orodha yake kichwani. Jembe, panga, mbegu, dawa ya magugu, magunia na kamba hupata nafasi ya kwanza, naye huulizia bei katika maduka mawili matatu kabla ya kutoa fedha. Kisu hakimo katika orodha hiyo. Hununuliwa mwishoni kwa chenji iliyobaki, na baada ya miezi michache mkulima huyo huyo hurudi kununua kingine.

Wengi huona kisu cha kukunja cha bei kubwa kuwa ni anasa ya watalii na wenye magari. Ni vyema hesabu ikapigwa kabla ya kukubali hoja hiyo.

Tuchukue mfano wa kisu cha Sh 3,000 kinachodumu miezi mitatu kabla bawaba haijalegea au bapa halijapinda. Mwenye kisu hicho anatumia Sh 1,000 kwa mwezi, sawa na Sh 120,000 kwa miaka 10. Kisu cha Sh 40,000 kikitunzwa kinaweza kufika miaka hiyo 10. Kwa hesabu hiyo kisu ghali ndicho rahisi. Hata hivyo, kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: kisu hicho kinaanza kumlipa mwenyewe baada ya miezi 40, yaani miaka mitatu na miezi minne. Kikianguka mtaroni au kikiazimwa na jirani asiyerudisha vitu kabla ya muda huo kufika, mkulima amepata hasara. Kwa hiyo anayepoteza vitu hovyo asikinunue, na anayenunua akifunge kwa kamba kwenye mkanda wa suruali.

Lakini bei ya dukani ni sehemu ndogo tu ya gharama. Sehemu kubwa iko shambani, na mfano mzuri ni kokoa, zao linalolimwa Mbingu na Mang'ula. Mkokoa hutoa maua kwenye shina na matawi makubwa, na maua ya msimu ujao huchipua pale pale lilipokuwa tunda la msimu huu. Anayelizungusha tunda kwa mkono mpaka ling'oke, au anayelipiga panga, huchubua sehemu hiyo, na sehemu iliyochubuliwa inaweza isizae tena. Kisu kikali hukata kikonyo peke yake na kuliacha gome salama. Panga lina madhara mengine pia. Likitumika kupasulia matunda hukata mbegu zilizomo ndani, na mbegu iliyokatwa hushika ukungu kwa urahisi. Kazi ya kupasua inafaa kufanywa kwa rungu dogo la mti. Kampuni ya Kokoa Kamili ilipoanza shughuli Mbingu mwaka 2013 ilinunua mbegu mbichi na kuzivundika yenyewe, na mnunuzi wa namna hiyo huziona mbegu zilizokatwa siku ile ile ya kupima.

Mfanyabiashara wa mpunga naye hana budi kujitazama. Gunia linalofunguliwa kwa kukata uzi wa mshono hutumika tena. Lililochanwa kwa kisu butu huishia kuwa kitambaa cha kufutia miguu.

Ni kisu gani basi? Historia ina jibu moja. Kisu cha Okapi kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902 kwa ajili ya soko la makoloni ya Kijerumani barani Afrika, wakati bonde hili likiwa ndani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwaka 1988 utengenezaji ulihamia Afrika Kusini. Bapa lake ni chuma cha kaboni, hunoleka upesi hata kwa jiwe la kawaida, na bei yake si ya kutisha. Tatizo ni kutu, na Kilombero ni nchi ya mvua na mafuriko. Visu vya Victorinox vya Uswisi havishiki kutu kirahisi, lakini bei ni kubwa na nakala bandia ni nyingi. Mnunuzi akifungue kisu dukani na kukitikisa bapa kulia na kushoto. Likicheza, akirudishe mezani hata kama kimeandikwa jina kubwa.

Utunzaji nao una makosa yake. Wengi hunoa kisu kidogo kwa tupa ileile ya panga, nayo hula chuma haraka. Kinoo na maji kidogo vinatosha. Kosa jingine ni la kuua vijidudu. Mnyauko wa migomba ulioingia Kagera katika miaka ya 2000 uliwafundisha wakulima kwamba ugonjwa husafiri kwa vifaa, na baadhi yao wakazoea kuvipitisha kwenye moto. Moto mkali huondoa ugumu wa chuma, na kisu cha Sh 40,000 hugeuka kuwa cha Sh 3,000 jioni moja. Maji yaliyochanganywa na jiki yanafaa zaidi, mradi kisu kifunguliwe, kisafishwe mpaka kwenye bawaba ambako utomvu hujificha, kisuuzwe, kikaushwe na kupakwa mafuta.

Kuna pia suala la kukibeba. Huko Afrika Kusini Okapi ilipata sifa mbaya ya kuwa silaha ya wahuni, ingawa mafundi na wachungaji wa mifugo waliendelea kuitumia kwa kazi halali. Sheria za Tanzania zinamkataza mtu kutembea na silaha hadharani kwa namna ya kutia watu hofu. Mkulima anayetoka shambani na kisu kilichokunjwa mfukoni ana maelezo ya kutosha. Akiingia nacho kilabu cha pombe saa mbili usiku, maelezo hayo yanapungua nguvu.

Kwa asiyemudu bei hiyo, mhunzi anaweza kumfulia kisu kigumu kutokana na springi ya gari, kisichokunjwa, chenye ala ya ngozi. Hakitaingia mfukoni, lakini hakina bawaba ya kulegea. Wenye maduka Kibaoni nao husema visu vizuri haviletwi kwa sababu havinunuliwi, na wateja husema hawanunui kwa sababu hawavioni. Kikundi cha wakulima 10 kinachoagiza kwa pamoja na kulipa nusu ya fedha mapema kinaweza kumaliza mabishano hayo, na mwenye duka asingelazimika kufunga mtaji wake katika mzigo unaokaa rafuni mwaka mzima.