Jembe na kalamu ya Inniskeen

Wanaodhani mwandishi hupikwa chuo kikuu wamtazame Patrick Kavanagh, aliyezaliwa mwaka 1904 Inniskeen, kaunti ya Monaghan, Ireland. Baba yake alikuwa fundi viatu mwenye kishamba. Mwana akaacha shule akiwa na miaka 13 hivi, akajifunza kushona viatu, halafu akashika jembe na kulima viazi kwenye udongo mkaidi wa vilima vile. Mwaka 1931 alitembea kwa miguu hadi Dublin, kilomita 80 na ushei, kumwona mshairi George Russell, akarudi kijijini na vitabu, vya Dostoevsky na Victor Hugo vikiwemo. (Wengine wetu hata maktaba ya mtaa wa pili tunaiona mbali.) Kitabu chake cha simulizi za maisha ya kijijini, The Green Fool, kilitoka 1938. Oliver St John Gogarty, daktari na mwandishi, akafungua kesi ya kashfa kwa sababu ya mzaha mmoja kitabuni kuhusu mtumishi wake wa nyumbani, akashinda na kulipwa fidia ya pauni 100. Lakini mkosoaji mkali kuliko wote alikuwa Kavanagh mwenyewe: baadaye alikiita kitabu hicho uongo, kwa kuwa alimpamba mkulima ili awafurahishe wasomaji wa mjini. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Katika riwaya yake Tarry Flynn, ya 1948, hakumpamba mtu. Kijana analipenda shamba na kulichoka papo hapo, mama anatawala nyumba, majirani wanaoneana kijicho. Wakaguzi wa vitabu wakaipiga marufuku kwa muda.