Joel Embiid na Lawama za Philadelphia

Jumapili ya tarehe 14 Mei 2023, katika mji wa Boston, Joel Embiid, ambaye siku 12 tu kabla ya hapo alikuwa ametangazwa mchezaji bora wa mwaka wa ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, alirusha mpira kikapuni mara 18 ukaingia mara 5, akamaliza na pointi 15, na timu yake ya Philadelphia 76ers, iliyokuwa imetangulia kwa michezo mitatu kwa miwili na kuhitaji ushindi mmoja tu ili ivuke, ikaaga mashindano kwa 112 kwa 88. Hadi mapumziko mambo yalikuwa bado yanasemeka, kwa kuwa Boston walitangulia kwa pointi tatu tu. Walakini katika robo ya tatu Philadelphia waliambulia pointi 10 na wenzao wakapata 33, na Jayson Tatum wa Boston peke yake akafunga 51 kabla mchezo haujesha.

Alipoketi mbele ya waandishi, Embiid alisema kwamba yeye na nyota mwenzake James Harden hawawezi kushinda peke yao, kwa kuwa mchezo huu huchezwa na watu watano dhidi ya watano. Kauli hiyo ilikuwa sahihi kwa hesabu na mbovu kwa wakati wake. Mtu aliyekosa mara 13 katika mara 18 hapaswi kuwa wa kwanza kuwahesabu wenzake, hasa wenzake ambao takriban majuma mawili nyuma, yeye akiwa ameketi kando kwa maumivu ya goti, walikwenda ugenini wakaushinda mchezo wa kwanza wa mfululizo ule ule pasipo yeye.

Natanguliza hayo ili nisidhaniwe kuwa wakili wake. Taksiri zake zipo, na washabiki wa Philadelphia hawakuzibuni. Mwaka 2021 timu hiyo iliingia katika michezo ya mtoano ikiwa ya kwanza katika kanda ya mashariki, ikapambana na Atlanta, timu ambayo wengi hawakuidhania kitu. Katika mchezo wa nne Embiid alirusha mpira mara 12 kipindi cha pili na hata mmoja haukuingia. Katika mchezo wa tano, nyumbani kwao, walitangulia kwa pointi 26 kisha wakashindwa. Na katika mchezo wa saba, nyumbani vilevile, alipoteza mpira mara nane. Kumbukumbu ya watu, ambayo aghalabu huchagua picha moja ikatupa nyingine, imebaki na mchezaji mwenzake Ben Simmons tu, aliyefika chini ya kikapu bila kizuizi ila kijana mfupi wa Atlanta, Trae Young, naye badala ya kuruka na kuutumbukiza mpira akampa mwenzake. Na baada ya mchezo Embiid mwenyewe aliitaja nukta hiyo kuwa ndipo mambo yalipogeuka. Lakini mipira minane iliyopotea haikupotezwa na Simmons. Ni kweli kwamba goti la Embiid lilikuwa limechanika ndani, na ni kweli kwamba juu ya hayo alifunga pointi 31 siku hiyo. Insafu inataka yote mawili yaandikwe katika ukurasa mmoja.

Asiyeufuatilia mchezo huu huenda akauliza inakuwaje mtu awe simba kuanzia Oktoba hadi Aprili, kisha anyong'onyee Mei. Katika msimu wa kawaida timu hucheza michezo 82, leo hapa kesho kule, na mpinzani hana nafasi ya kumchunguza mtu mmoja kwa makini. Katika mtoano timu mbili hukutana hata mara saba ndani ya majuma mawili, makocha wakazitazama picha usiku kucha, wakajua bega gani analigeuza kwanza na mguu gani unamuuma. Zaidi ya hayo, riziki ya Embiid ilitegemea sana mitupo huru, ile ipatikanayo baada ya kuchezewa faulo: katika msimu wa 2022–23 alipewa zaidi ya mitupo 11 kwa kila mchezo, na ndiyo iliyomsaidia kufikisha wastani wa pointi 33.1, wa juu kupita wote katika ligi. Waamuzi wa mtoano huwa wachoyo wa filimbi. Wastani wake katika mtoano wa mwaka ule ulishuka hadi 23.7, na mtu mwenye urefu wa futi saba, mwili mzito na goti bovu, akishaanguka sakafuni mara ya ishirini, huinuka polepole kuliko alivyoinuka mara ya kwanza.

Washabiki wanayajua haya kuliko mimi, wala hayawapunguzii uchungu hata chembe. Kwa nini basi uchungu wao umepita ule wa miji mingine, ambayo nayo kila mwaka hushindwa? Kila mwaka timu 30 huanza na 29 humaliza bila kombe, na katika miji hiyo 29 watu hununa siku mbili tatu kisha wakaendelea na shughuli zao. Jawabu, kwa mtazamo wangu, halipo katika mchezo wa Boston wala wa Atlanta. Lipo katika miaka mitatu ambayo Embiid, kwa sehemu kubwa, hakuwa amegusa hata mpira.

Mwaka 2013 wenye timu walimwajiri meneja aitwaye Sam Hinkie, mtu wa hesabu na mizani, aliyeamini kuwa timu ya wastani ndiyo iliyo katika hali mbaya kuliko zote, kwa sababu haishindi kombe wala haipati vijana bora. Kwa kanuni za ligi ile, walio duni ndio wenye bahati kubwa ya kuchagua mapema miongoni mwa wachezaji wapya. Basi Hinkie akawauza wachezaji wazuri aliowakuta, akakusanya haki za kuchagua, na kuiacha timu ianguke. Ikaanguka kweli kweli: ushindi 19 katika msimu wa kwanza, 18 katika wa pili, 10 katika wa tatu, yaani ushindi 47 tu katika michezo 246. Mambo hayo hayakufanywa kwa siri. Washabiki waliambiwa, kwa njia moja au nyingine, wastahimili na kuuamini Mchakato, ndilo jina la mpango huo, nao wakaendelea kulipa viingilio vya kwenda kutazama timu yao ikipigwa kwa makusudi, huku wakiahidiwa kwamba kila kichapo cha leo ni akiba ya kesho.

Sijui mji mwingine uliotakiwa stahamala ya namna hiyo ukaikubali kwa kuimba. Ndiyo maana nasema hapa palifungwa deni: watu walitoa miaka yao, wenye timu wakaipokea, na ahadi ikawekwa.

Embiid alichaguliwa wa tatu mwaka 2014, kijana wa Yaoundé aliyeanza mpira wa kikapu akiwa amekwisha kubalehe, aliyejifunza hatua za miguu kwa kutazama kanda za Hakeem Olajuwon, akahamia Marekani akiwa na miaka 16. Mfupa wa mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika, na misimu miwili mizima ikapita asicheze. Alipoingia uwanjani hatimaye mwishoni mwa mwaka 2016, Hinkie alikuwa amekwisha kujiuzulu tangu Aprili, akiacha barua ya kurasa 13. Mwenye hesabu amekwenda, hesabu imebaki. Hapo ndipo Embiid, kwa ujana na mzaha wake wa siku zile, alipojiita yeye mwenyewe Mchakato, na kila aliposimama kwenye mstari wa mtupo huru uwanja mzima ukaimba jina hilo kwa sauti moja. Lilikuwa jambo la kufurahisha, nami nilicheka kama wengine. Lakini kwa kujipa jina lile alitia sahihi yake chini ya deni ambalo hakulikopa, na tangu siku ile kila aliyedai malipo alijua pa kubisha hodi.

Mji wenyewe una tabia hii ya zamani. Wilt Chamberlain, mzaliwa wa Philadelphia hiyo hiyo, aliiletea timu hii ubingwa mwaka 1967. Mwaka uliofuata, wakiwa wametangulia kwa michezo mitatu kwa mmoja, walishindwa na Boston mara tatu mfululizo, na katika mchezo wa saba Wilt alirusha mpira kikapuni mara mbili tu katika kipindi chote cha pili. Wako waliosema wenzake hawakumpa mpira, wako waliosema alijificha, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amehamia Los Angeles. Ubingwa wa mwisho wa timu hii ni wa mwaka 1983. Mtu aliyekuwa kijana siku ile sasa ana wajukuu wanaovaa fulana ya Embiid.

Basi nakubali hasira. Nakubali hata kuzomea, kwa maana aliyelipa kiingilio amelipa pia kwa ajili ya koo lake. Nisilolikubali ni hukumu ya kwamba mtu huyu hana moyo, kwamba ni mwoga, kwamba mchezo mkubwa unapofika hutafuta pa kujificha. Ithibati iko wapi? Tarehe 12 Mei 2019, katika mchezo wa saba mjini Toronto, Kawhi Leonard wa Toronto alirusha mpira kutoka pembeni, juu ya mkono wa Embiid ulionyooshwa, ukaruka mara nne juu ya ukingo wa kikapu kisha ukaingia, wakashindwa 92 kwa 90, na picha za Embiid akilia katika ujia wa uwanja zikawa dhihaka ya dunia nzima. Hesabu ya siku hiyo ni hii: katika dakika 45 alizokuwa uwanjani, Philadelphia walimzidi mpinzani kwa pointi 10, katika zile dakika zisizotimia tatu alizokaa kupumzika, walizidiwa kwa pointi 12. Mwaka 2022 alirudi kucheza dhidi ya Miami akiwa amevunjika mfupa wa jicho, amevaa kinyago, na kidole gumba kimechanika kano. Mwaka 2024, upande mmoja wa uso wake ukiwa umepooza, jicho halifumbi sawasawa, aliwafunga New York Knicks pointi 50. Mwite mzito, mwite mgonjwa wa daima, mwite mtu asiyejua kunyamaza baada ya kushindwa. Lakini mwoga, hapana.

Sisi wa Tanzania tunayo sababu yetu ya kulitazama jambo hili kwa makini. Mwaka 2009 kijana wetu wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, alichaguliwa wa pili katika ligi ile, mbele ya James Harden huyu huyu aliyechaguliwa wa tatu. Na katika msimu wake wa kwanza timu yake ilimpeleka katika ligi ndogo akajifunze. Nakumbuka jinsi vijiwe vilivyomshangilia, na jinsi vijiwe hivyo hivyo vilivyomcheka, kana kwamba yeye ndiye aliyejiandikia nambari ya pili.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kalamu, sina budi kugusa kadhia ya Novemba 2024. Mwandishi mmoja wa gazeti la Philadelphia, akimlaumu Embiid kwa kutokuwa fiti mwanzoni mwa msimu, alianza makala yake kwa kumtaja mdogo wa Embiid aliyefariki katika ajali ya gari mwaka 2014, pamoja na mtoto wa Embiid aliyepewa jina la marehemu. Embiid alimkabili katika chumba cha kubadilishia nguo, akamsukuma, na ligi ikamfungia michezo mitatu. Kumsukuma mwandishi ni kosa, na adhabu ilistahili. Lakini mwandishi anayemfukua maiti ili aeleze kwa nini mtu hakimbii vizuri amekwisha kutoka katika mpira wa kikapu, na lawama ya mshabiki wa kawaida, hata yenye matusi, ina staha kuliko hiyo.

Turudi kidogo kwenye majira ya kuchipua ya mwaka huo huo wa 2024, katika mfululizo ule wa Knicks, kwa sababu hapo mambo yalijipindua. New York si mbali, tiketi za huko ni ghali mno, na wenye viti wengi wa Philadelphia walikuwa wameuza tiketi zao kwa wageni kwa faida. Hata katika mchezo wa nne uwanja wa nyumbani ukavuma kwa nyimbo za ugenini. Embiid, baada ya kushindwa, alisema jambo hilo limemuudhi, na kwamba hakutarajia kuliona katika mji unaojisifu kwa michezo. Safari hii mchezaji ndiye aliyewalaumu washabiki. Wenye timu wakaingiwa na fadhaa, na kwa ajili ya mchezo wa sita wakanunua tiketi zaidi ya 2,000 wakazigawa kwa watu wa mji. Katika hesabu yote ya ile subira waliyoichukua tangu 2013, hayo ndiyo malipo ya kwanza niliyoyaona yakitoka mfukoni mwa wakopaji wenyewe. Embiid alifunga pointi 39 jioni hiyo mbele ya hao waliokaribishwa bure, na Philadelphia wakashindwa 118 kwa 115.