Fedha za Januari zilipwe Januari

Mjadala wa kama maskini wapewe fedha taslimu au wasipewe umezeeka, na kwa maoni yetu umefika wakati wa kuustaafisha. Zinasaidia. Swali lililobaki, ambalo viongozi wetu hawapendi kuulizwa, ni la kawaida kabisa: zinafika lini?

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulio chini ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania (TASAF), ulizinduliwa Agosti 2012 baada ya majaribio katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Umezifikia kaya zaidi ya milioni moja, Bara na Visiwani. Kaya ilianzia ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi, ikiongezewa kidogo kwa ajili ya watoto wanaosoma na wanaopelekwa kliniki, na malipo yakapangwa kutoka kila baada ya miezi miwili, katika awamu inayoitwa dirisha. Si fedha nyingi. Mjini wapo wanaozimaliza kwa vocha na chipsi kabla ya Ijumaa.

Chamwino hesabu ni nyingine. Tuchukue kaya ambayo mtu yeyote aliyekaa Dodoma ataitambua: mama, watoto wanne, bibi yao, ekari mbili tatu za uwele na mtama, nyumba ya tembe. Msimu wa mvua ni mmoja tu, unaanza Desemba na kukatika Aprili. Mavuno ni Mei na Juni. Mwaka ukiwa mzuri, nafaka ya ghalani inafika Desemba. Ukiwa mbaya, Oktoba ghala linafagiliwa.

Sasa ni Januari. Magugu yameanza kuushinda uwele, na jikoni hakuna kitu. Mama anakwenda kulima kwa watu. Anatoka alfajiri, jembe begani, anapalilia shamba la mwenye nacho hadi saa saba mchana, analipwa unga wa siku mbili, anarudi kupika. Shambani kwake anaingia jioni akiwa hoi, au Jumapili baada ya ibada. Palizi inachelewa wiki tatu, na uwele uliosongwa na magugu hauzai vizuri. Mei anavuna magunia mawili pale ambapo angevuna manne, na njaa ya Januari ijayo imeshapangwa kabla hata hajapepeta. Majirani wengine wana hali mbaya zaidi: wameshauza mtama ungali shambani, kwa bei aliyoitaja mnunuzi, ili wapate debe la kula leo.

Anayemwita mama huyu mvivu hajawahi kushika jembe. Anafanya kazi kuliko wengi wetu. Shida ni kwamba nguvu zake zinanunuliwa kwa bei ya unga katika zile wiki chache ambazo shamba lake linazihitaji kuliko wakati mwingine wowote.

Ruzuku ya shilingi elfu arobaini ikimfikia wiki ya kwanza ya Januari, inanunua unga wa kumwezesha kubaki shambani kwake na jembe lake mpaka palizi iishe. Elfu arobaini ile ile ikimfikia Julai, ghalani kuna chakula, bei ya mtama imeanguka, na fedha inapita mkononi kwenda kufuta jina lake kwenye daftari la dukani, alikokopa tangu Januari. Kwenye taarifa ya wilaya mlengwa amelipwa, tena kikamilifu, lakini shamba lilishaharibika miezi mitano nyuma.

Anayedhani tunatia chumvi aangalie Siaya, magharibi mwa Kenya, ambako jambo hili limepimwa kwa miaka. Katika utafiti uliohusisha vijiji 653, shirika la GiveDirectly lilizitumia kaya zaidi ya 10,500, zilizochaguliwa kwa kuwa zinaishi kwenye nyumba za nyasi, takribani dola 1,000 kila moja kwa njia ya simu. Hazikuwekewa sharti lolote. Wachumi walikadiria kwamba kila dola iliyoingia ilikuza uchumi wa eneo hilo kwa karibu dola mbili na nusu, maana mwenye kuku aliuza, fundi wa mabati akapata kazi, mwenye kiosko akaagiza mzigo mkubwa zaidi. Hata majirani ambao hawakupata senti walianza kutumia zaidi. Na bei za vitu, zile ambazo kila mpinzani wa ruzuku alitabiri zingepaa, zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1.

Halafu wakahesabu watoto. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2025 yanaonyesha kwamba katika kaya zilizopewa fedha, vifo vya watoto wachanga kabla ya kutimiza mwaka mmoja vilipungua kwa asilimia 48. Tunaomba msomaji asiipite namba hiyo haraka. Ni karibu nusu, na hakukuwa na chanjo mpya wala mashine mpya. Ila undani wake ndio unaotuhusu hapa. Nafuu kubwa ilikuwa kwa kaya ambazo fedha ziliingia karibu na siku za kujifungua. Mama mwenye ujauzito wa miezi minane aliweza kuacha kazi ngumu. Aliweza kwenda kuzalia hospitali badala ya kuzalia nyumbani. Baada ya kujifungua aliweza kukaa na mtoto anyonye ashibe, asimfunge mgongoni wiki ya pili na kurudi kibaruani. Walionufaika zaidi ni walioishi jirani na kituo chenye daktari, jambo ambalo Wizara ya Afya yetu nayo inafaa kulisoma, kwa sababu ruzuku haiwezi kumnunua daktari asiyekuwepo. Na fedha zilipokwisha, sehemu kubwa ya nafuu hiyo nayo ikaondoka.

Upo ushahidi mwingine kutoka Kenya huko huko, na huu tunauona mzito kuliko yote. Katika jaribio jingine, watu wazima wa vijiji fulani waliambiwa watapata kama dola 22.50 kila mwezi kwa miaka 12. Wa vijiji vingine waliambiwa watapata kiasi hicho hicho kila mwezi, lakini kwa miaka miwili tu. Miaka miwili ilipokaribia kwisha, mifukoni mwao wote ilikuwa imepita fedha sawa. Lakini wale wa miaka 12 walikuwa wamefungua biashara nyingi zaidi na kupata faida zaidi kuliko wale wa miaka miwili. Kilichowatofautisha ni ahadi waliyoiamini. Mtu anayejua kwamba mwezi ujao zipo, na mwakani zipo, anathubutu kucheza upatu, kununua mbuzi, kufungua genge. Anayebahatisha anakula leo kwa sababu kesho haina mwenyewe.

Zile hoja za kale tuzipitie haraka. Watalewa? Uchambuzi wa tafiti 19 kutoka mabara mbalimbali, uliofanywa na David Evans na Anna Popova, haukuona ruzuku ikiongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Watazembea? Kwenye lile jaribio la miaka 12 watu hawakuacha kazi. Baadhi walihama kutoka kibarua kwenda kwenye shughuli zao. Wameandikwa wasiostahili? Hilo ni kweli. Mwaka 2016 Serikali yenyewe iliondoa maelfu ya kaya zisizostahili kwenye orodha, na jina la kaya hewa likaingia midomoni mwa watu. Dawa yake ni mkutano mkuu wa kijiji ulio huru, unaosomewa majina yote kwa sauti, mtendaji akiwa amekaa pembeni. Si kumnyima bibi wa Chamwino kwa sababu shemeji wa mwenyekiti alijipenyeza.

Majaribio yale ya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha yalitoa jibu moja dogo tunalolipenda. Walipopimwa walengwa, ilionekana watoto wao walikuwa na viatu zaidi kuliko watoto wa vijiji visivyolipwa, kaya zilikuwa zimejiunga zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, na mbuzi na kuku walikuwa wameongezeka. Viatu, kadi ya bima, kuku.

Basi kwa nini fedha zichelewe? Walengwa wanalalamikia dirisha la malipo kurukwa, kisha madirisha mawili kulipwa kwa mpigo bila maelezo. Wakenya wanalijua hilo kwa Inua Jamii yao: shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa mzee aliyetimiza miaka 70 zimewahi kulimbikizwa kwa miezi kadhaa, mzee akisafiri kwenda kuuliza na kuambiwa arudi wiki ijayo. Wapo watakaosema malimbikizo yakilipwa hakuna aliyedhulumiwa. Hatukubaliani nao. Mlimbikizo unapofika, mlengwa ameshalipa riba kwa mwenye duka, ameshauza mbuzi aliyemnunua kwa ruzuku ya mwaka jana, na binti ameshakaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa sare. Hizo hasara hazimo kwenye mlimbikizo.

Wala hatudai miujiza. Mtumishi wa umma akicheleweshewa mshahara wiki moja, nchi nzima itajua, na ni haki yake. Zanzibar ilipoanza pensheni jamii mwaka 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, ilikubali kimsingi kwamba malipo ya mzee ni stahili yenye mwezi wake, wala si hisani inayotoka Hazina ikikumbukwa. Tunataka kaya maskini ya Bara ichukuliwe hivyo hivyo.

Tunapendekeza mambo matatu, na kwa maoni yetu yote yanawezekana.

Kwanza, ratiba ya malipo ifuate msimu wa mahali. Dodoma na Singida, malipo ya kabla ya palizi yafike kabla ya palizi, hata kama itabidi dirisha la katikati ya mwaka lipunguzwe ili la Januari linenepe. Mikoa yenye vuli na masika ipangiwe ya kwake. Nchi hii haina kalenda moja ya njaa, na mtu aliyeko ofisini makao makuu hawezi kuihisi kutoka huko.

Pili, malipo ya simu yaje na ya kutolea. Kila Mtanzania anayemtumia mama yake fedha kijijini anajua kuongeza ya kutolea. Serikali inayotuma ruzuku bila kuiongeza, ikijua wakala atakata chake na pengine yuko mbali na kijiji, inampa mlengwa pungufu ya ilichoandika. Na asiye na simu wala kitambulisho cha taifa cha NIDA alipwe mezani kama zamani, mpaka avipate. Asifutwe.

Tatu, mjamzito aliye kwenye kaya ya mlengwa asisubiri dirisha. Kliniki inamjua, mhudumu wa afya ngazi ya jamii anamjua, tarehe ya makisio imeandikwa kwenye kadi yake. Malipo ya mwezi wa nane wa ujauzito yanaweza kutolewa kwa kadi hiyo.

Ratiba ya mwaka mzima itangazwe kila Julai, bajeti mpya inapoanza, ikiwa na tarehe, si majina ya miezi tu. Tarehe ikipita bila malipo, mkurugenzi wa halmashauri aende kijijini kueleza sababu, kwenye mkutano, akiwa amesimama. Na ratiba hiyo ibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, pale pale panapobandikwa majina ya wanaodaiwa michango.